Vuli ya Shule na Vuli ya Nyumbani

Mkurugenzi wa shule aliniambia mambo mawili kwa mkupuo mmoja, akiwa anatafuna karanga. La kwanza, Novemba nzima watoto wa chekechea watajifunza vuli. La pili, Siku ya Vuli itakayofunga mwezi ndiyo itakayoamua kama nitabaki pale shuleni au Januari ataleta mwalimu mwingine, mchangamfu. Alilitamka hilo neno mchangamfu akiniangalia usoni, nami nikajitahidi kuchangamka palepale. Sikufanikiwa. Uso wangu nimeurithi kwa shangazi zangu wa Nansio, na sijawahi kumwona hata mmoja wao akionekana amefurahi kabla ya chakula cha mchana.

Nilikuwa kwenye majaribio. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, ya awali, imejibana juu ya mawe ya Kirumba, na asubuhi upepo ukitoka ziwani ulituletea harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni bila kuombwa. Tulifundisha kwa Kiingereza tangu saa mbili mpaka Kiingereza kilipotuishia, yaani kama saa tatu hivi, kisha tukaendelea kwa Kiswahili mpaka wazazi walipokuja. Kabla ya hapo nilikuwa na cheti cha ualimu cha kutunza kwenye begi na karai la vitumbua la kunilisha, stendi ya Buzuruga, nikisubiri ajira ya serikali ambayo kila mwaka niliambiwa iko njiani. Sisemi kukaanga vitumbua ni kazi mbaya. Nasema mafuta yalinirukia mikononi, makonda walichukua kitumbua huku gari likiondoka na hela wakaahidi kuileta kesho, na ile harufu ilikaa kwenye nywele hata nioshe vipi. Sikutaka kurudi Buzuruga. Yote ninayosimulia hapa yalitokea mimi nikiwa sitaki kurudi Buzuruga.

Vuli ilitujia ndani ya boksi. Mkurugenzi alikuwa ameuagiza mtaala kutoka ng'ambo, kwa sababu shule ya jirani ilikuwa imechimba bwawa la kuogelea, na yeye bwawa hakuwa na pa kuliweka, palikuwa pamejaa mawe. Bwawa akalijibu kwa mtaala. Ndani ya boksi mlikuwa na majani ya plastiki mekundu na ya njano, picha za watoto waliovaa masweta wakirusha majani juu, kikaragosi cha kindi cha kuvaa mkononi, na mwongozo wa mwalimu. Mwongozo uliniambia niwatoe watoto nje, wakusanye majani makavu yaliyoanguka, wausikie upepo wa baridi, kisha tuzungumze jinsi wanyama wanavyoweka akiba kabla nchi haijalala.

Niliusoma nikiwa nimesimama dirishani. Nje mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye viti vya bembea, mti wa mkungu pale uwanjani ulikuwa umejaa majani mapya ya kijani, na sakafu ya veranda ilikuwa imetapakaa mabawa ya kumbikumbi. Nchi ilikuwa haijalala hata kidogo.

Nilimfuata Mkurugenzi ofisini. Nikamwambia kwa adabu zote nilizokuwa nazo kwamba hiki kinachoitwa kwa Kiingereza otamu ni majira ya majani kupukutika, na sisi tukiita vuli, mzazi yeyote wa Mwanza atasikia mvua za mwisho wa mwaka. Atasikia jembe. Nikaongeza kwamba mkungu wetu ulishapukutisha majani yake mekundu mwezi wa nane, yeye akiwa likizo, kwa hiyo kama ni hiyo otamu ilishapita.

Mkurugenzi akanigeuzia simu yake nione. Alikuwa ameandika neno la Kiingereza na simu ikamjibu vuli. Kisha akafungua kamusi iliyokuwa juu ya kabati, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Vuli.

"Simu imesema vuli, kamusi imesema vuli," akasema. "Wewe unasemaje?"

Nikasema vuli. Nililiona karai la Buzuruga mbele yangu, limechemka.

Basi tukaanza. Siku ya kwanza nililitamka neno lenyewe la Kiingereza mbele ya darasa, otamu, na watoto wote wakaitikia kwa furaha ambayo sikuitegemea. Nikawauliza ni nini. Mmoja akasema ni pipi. Mwingine akasema ni maandazi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wamesikia tamu, na kwamba wamekaa wamenyoosha mikono wakisubiri niwagawie. Nilipowaambia kwamba otamu ni majani kuanguka, walinitazama kwa uchungu kabisa, na mmoja akalia.

Katika darasa lile kulikuwa na binti wa miaka mitano ambaye mama yake anauza dagaa Mwaloni. Walikuwa wametoka Ukerewe kama mimi, na alikuwa na tabia ya watu wa kwetu ya kutokubali jambo mpaka aligeuze upande wa pili alitazame. Nilipowaonyesha ile picha ya watoto wenye masweta, miti nyuma yao imebaki matawi matupu, yeye ndiye aliyenyoosha kidole.

"Mwalimu, majani yote yakianguka, hao watoto wanakula mboga gani?"

Nikafungua mwongozo. Mwongozo haukuwa na habari za mboga. Nikamwambia sijui, ila tutawauliza wenye picha. Akasema sawa, tuwaulize leo, maana ni wengi na hakuna aliyebeba kitu. Toka hapo kila asubuhi, kabla hata ya shikamoo, alikuwa akiniuliza kama wamejibu.

Mwongozo ulitaka watoto wahesabu mbegu za mti fulani wa kwao ambazo kindi huzikusanya. Nikatumia kungu, yale matunda ya mkungu, zilizoanguka chini ya mti wetu. Hilo lilikuwa kosa la mtu ambaye hajakulia karibu na mkungu, na mimi nimekulia karibu nao, kwa hiyo sina cha kujitetea. Tulianza somo la kuhesabu na beseni limejaa. Nilipogeuka kuandika ubaoni nikasikia mawe yanagonga. Walikuwa wanazipasua ili wale kiini. Kuhesabu kuliishia kwenye kutoa, na nathubutu kusema hawajawahi kulielewa somo la kutoa vizuri kama siku ile.

Kindi naye hakupokelewa. Nilimvaa mkononi nikamfanya asalimie, watoto wakasema huyo ni pimbi. Nikasema si pimbi, pimbi hana mkia. Wakasema basi ni pimbi aliyepata mkia. Pimbi wanawafahamu vizuri, wanakaa kwenye mawe nyuma ya vyoo vyetu na kuota jua wakitudharau. Nikawaeleza kwamba kindi anaweka akiba ya chakula kwa sababu baridi inakuja, na yule binti wa dagaa akasema pimbi hana haja, yeye anakula nyasi tu na nyasi zipo. Wakakubaliana kwamba huyu kindi ana roho ya uchoyo. Hatukuendelea naye.

Kwa majani ilibidi nitumie akili. Majani makavu hayakuwepo popote, hivyo nikachuma mabichi ya mkungu, nikayachemsha na binzari jikoni kwa mpishi, nikayaanika. Yalitoka na rangi ya pilau na harufu ya pilau. Watoto waliyapanga kwa ukubwa, wakayaweka chini ya karatasi na kusugua krayoni juu mpaka mishipa ya jani ikajitokeza, na hilo, lazima niseme ukweli, walilipenda sana. Walikaa kimya asubuhi nzima. Hata mimi nilichora langu.

Kisha likaja boga. Mwongozo ulisema tulichonge uso, macho na meno, tuliweke mlangoni likaribishe wageni. Nikalichonga. Kesho yake mama wa yule binti alipomleta mwanawe alisimama nje ya geti na ndoo yake kichwani, hataki kuingia.

"Mwarimu," akaniita kwa sauti ya chini, "hiri boga lina macho."

Nikamwambia ni la masomo. Akaniuliza ni somo gani linalohitaji meno. Kwa vyovyote, siku mbili baadaye boga lilikuwa limelegea kwa joto, jicho moja limeingia ndani na inzi wamefungua kikao. Mkurugenzi akaamuru litupwe. Nilipolichukua nikazikumbuka mbegu zake, nikazitafuta nisizione. Siku ya kulichonga nilikuwa nimeziweka kwenye sahani ili tuzihesabu, na uzoefu wa kungu ukanifanya nidhani zimeliwa. Sikuuliza.

Mkurugenzi alikuwa na hesabu zake kuhusu Siku ya Vuli. Alikuwa amewaalika wazazi wengine, wale ambao walikuwa bado wanapima kama Januari wamlete mtoto kwetu au wampeleke kwenye bwawa. Hao ndio aliotaka waone majani mekundu. Kwa wazazi wetu aliandika tangazo kwenye kundi la simu, kwa Kiswahili fasaha, akiwataka Jumamosi waje wote, kila mtoto awe amevaa mavazi ya vuli na kubeba kifaa kimoja cha vuli, na mzazi ashiriki shughuli za vuli bega kwa bega na mwanawe. Mwalimu kwenye kundi lile haruhusiwi kuandika, anaruhusiwa kusoma tu. Nikasoma.

Mzazi mmoja akauliza kama jembe ni la mtoto au la mzazi. Mwingine akamjibu kwamba tangazo limesema bega kwa bega, kwa hiyo yaje mawili. Baba mmoja akaipongeza shule kwa kurudisha elimu ya kujitegemea, maana watoto wa siku hizi wanadhani mahindi yanatoka dukani. Wakampigia makofi ya viganja vile vya manjano vya kwenye simu. Mkurugenzi hakusoma chochote, alikuwa anahangaikia nguo zake za sherehe. Nilimpigia simu usiku ule, hakupokea. Nikamtumia ujumbe kwamba wazazi wanakuja na majembe, akanijibu kwa alama ya kucheka.

Nililala kwa shida. Nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya mafuta.

Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mawe. Nilipamba ukumbi tangu alfajiri, majani ya plastiki dirishani, majani ya binzari kwenye kamba, na kwenye kona sanamu la kufukuzia ndege nililolivika koti kuukuu la mume wa Mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe akaingia na sweta la rangi ya machungwa, buti mpaka magotini na mtandio mzito shingoni. Alikuwa anatiririka jasho. Alitazama ukumbi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nitabasamu, akarudi ofisini kusubiri zamu yake ya kuingia.

Wa kwanza kuingia alikuwa baba mwenye kaptula, jembe begani, mwanawe nyuma yake na jembe dogo lililokatwa mpini. Kisha wakaja akina mama na vitenge vimefungwa kiunoni, mbegu za mahindi kwenye mifuko, vichwa vya watoto vimefunikwa mifuko ya plastiki kwa ajili ya mvua. Watoto wote walivaa viatu vya mpira. Mmoja alivaa vya baba yake na ilibidi abebwe. Mama mmoja alileta kumbikumbi wa kukaanga kwenye bakuli, maana kifaa ni kifaa. Yule mama wa dagaa alikuja na fungu la marando ya viazi yanachuruzika maji, na binti yake pembeni, soksi ya mguu mmoja imevimba juu ya kiatu, sikuelewa kwa nini.

Mwisho akaja babu wa mwanafunzi wetu mwingine, mzee wa Kihindi ambaye ana duka la pembejeo mjini. Amezaliwa Mwanza, baba yake amezaliwa Mwanza, na Kisukuma anakiongea vizuri kunishinda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku kijana wake wa dukani akishusha trei za miche ya mipapai. Akaniuliza kwa utaratibu kama udongo wetu umeshageuzwa au ndiyo kazi ya leo.

Wageni wa Mkurugenzi, wale wa kupima, walikaa mstari wa mbele na viatu vyao vizuri. Walikuwa wakigeuka kutazama majembe yaliyoegemezwa ukutani chini ya majani ya plastiki.

Mkurugenzi alipoingia mlango wa nyuma kwa kushangiliwa, aliyaona majembe. Akaniona mimi. Uso wake ulitulia kabisa, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Akanijia karibu na kuniambia sikioni, akiwatabasamia wageni, kwamba tutaongea baadaye. Nilikuwa na hasira pia, kwa sababu nilikuwa nimesema, na nilikuwa nimesema mapema, na mtu ukisema mapema hakuna anayekukumbuka.

Watoto wakaimba wimbo wa majani. Kwenye wimbo ule kila mtoto ni jani, anazungukazunguka kisha anaanguka polepole. Walianguka wote kwa kishindo, kwa sababu ya viatu vya mpira, na mmoja akapitiwa na usingizi palepale chini. Wazazi wakapiga makofi kwa mashaka. Baba wa kaptula akauliza kwa sauti ya kawaida kama hao ni mahindi yaliyokosa mvua.

Mkurugenzi akaona mambo yanamponyoka. Akafanya alichokifanya siku zote shule ilipokaguliwa, akamwita mtoto anayejua kuongea. Akamwita yule binti wa dagaa mbele, akamsimamisha juu ya kiti. Jibu tulilikariri mwezi mzima, hata mtoto aliyelala chini angeweza kulitoa: vuli ni majira ambayo majani hupukutika. Nilimtazama binti yule na kuomba kimoyomoyo.

"Waeleze wageni wetu," Mkurugenzi akasema. "Vuli ni nini?"

Binti akafikiri. Akatazama majani ya plastiki, akatazama majembe, akamtazama mama yake.

"Ya shule au ya nyumbani?"

Ukumbi ukacheka kidogo. Mkurugenzi naye akacheka, kwa meno tu, akamwambia aseme zote.

"Ya shule majani yanaanguka, watoto wanakosa mboga. Ya nyumbani tunapanda."

"Na mwalimu wenu anawafundisha ipi?"

"Zote mbili," binti akasema. "Ila ya shule anafundisha amenuna."

Walicheka mpaka kiti kikatikisika. Mama wa dagaa alijifunika uso kwa kitenge. Wale wa mstari wa mbele, wenye viatu vizuri, ndio waliocheka zaidi, mmoja akijipiga pajani. Mkurugenzi hakucheka. Na mimi nilisimama karibu na sanamu la kufukuzia ndege, sote wawili tukiwa na sura ileile, nikifikiria nitaanzia wapi kumweleza shangazi niliyemwachia karai kule Buzuruga kwamba anirudishie.

Ndipo mvua ikapiga bati. Haikuanza na manyunyu, ilimwagika yote kwa pamoja, na kwa muda hakuna aliyeweza kusikia chochote. Tulikaa tukitazamana. Bakuli la kumbikumbi likapitishwa mstari kwa mstari, na nikaona wageni wa viatu vizuri wakichota kwa mkono.

Mvua ilipopungua yule mzee wa Kihindi akasimama, akakunja suruali yake vizuri mpaka juu ya vifundo, akaniuliza mimi, si Mkurugenzi, shamba liko wapi. Shamba halikuwepo. Nikamgeukia Mkurugenzi. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na sweta lake, watu wazima na watoto wamemzunguka na majembe, wote wanasubiri kauli yake.

"Nyuma ya tangi," akasema mwishowe.

Wakatoka. Palikuwa na kipande cha ardhi kati ya tangi la maji na mawe ya pimbi, kimejaa magugu, na walikilima mpaka kikageuka cheusi. Baba wa kaptula alipiga mistari kwa kamba yangu ya majani ya binzari. Watoto walitupa mbegu tatu shimo moja na saba shimo lingine, mzee akawafuata nyuma akisawazisha bila kuwagombeza. Mwanamke mmoja wa wale wageni alivua viatu vyake vizuri, akavipanga juu ya jiwe, akaomba jembe. Mimi nilichimba na kuchimba. Nilichimba kwa nguvu za mtu anayejua kuwa hatayaona mahindi yenyewe.

Kijana wa duka akaja kuniambia naitwa ofisini.

Mkurugenzi alikuwa amevua buti. Miguu yake ilikuwa imevimba na alikuwa ameiweka juu ya lile boksi la mtaala. Sweta lilikuwa limetupwa kwenye kiti. Hakuniambia nikae.

"Unanuna kweli?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, Madam. Sikuona faida ya kukataa, shahidi alikuwa ameshaongea mbele ya halaiki.

"Yule mtoto. Hiyo habari ya mboga. Alikuuliza yeye mwenyewe?"

Nikasema aliuliza siku ya picha, na kila siku baada ya hapo. Akataka kujua nilimjibu nini. Nikamwambia nilijibu kwamba sijui na kwamba tutawauliza.

Akatazama dirishani, ambako mzee wa Kihindi alikuwa anamwonyesha mtu namna ya kushika mche. Kisha akaanza kuongea bila kunitazama. Akasema wakati anasoma Sengerema walikuwa na kitabu chenye hadithi ya watoto wanaochezea theluji. Yeye akanyoosha kidole kuuliza theluji ni nini, kama ni ile mvua ya mawe. Mwalimu akamchapa kwa kupoteza muda wa wenzake. Akakariri. Akafaulu. Akasema mpaka leo akisikia neno theluji, mkono huu unajikunja, na akanionyesha mkono wenyewe, na kweli vidole vilikuwa vimejikunja kidogo.

"Wewe hukumchapa," akasema.

"Hapana, Madam."

"Hata kumfokea?"

"Hapana."

Akashusha miguu kutoka kwenye boksi.

"Januari uje," akasema. "Na matangazo ya kwenye kundi, uwe unaniandikia wewe."

Nilisema asante, nadhani. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilisimama kwenye veranda nikiwa na matope mpaka viwikoni, na nikawa na furaha ambayo sijaizoea, ya kutaka kumshika mtu yeyote mkono. Nilinusa nywele zangu. Zilinuka binzari na mvua.

Nyuma ya tangi wazazi walikuwa wanaosha majembe. Yule binti wa dagaa alikuwa amechuchumaa peke yake kwenye kona ya mwisho, karibu na mawe, amevua kiatu na soksi. Alikuwa anatoa mbegu za boga moja baada ya nyingine ndani ya soksi, anazichomeka ardhini kwa kidole gumba. Zile mbegu za sahani. Alikuwa amezitunza muda wote.

Nikachuchumaa naye. Nikamuuliza hizo ni za nini.

"Za wale watoto wa vuli ya shule," akasema. "Zikiota tuwapelekee majani yake wapike. Mpaka sasa hawajajibu."

Nikamwambia hawajajibu. Nikamwambia tutawapelekea. Nikawa nafukia mbegu ambazo alikuwa ameshazifukia.

Akaacha kazi yake akanitazama usoni kwa muda mrefu, kwa ule ukaidi wa watu wa kwetu.

"Mwalimu, mbona bado umenuna?"

"Sijanuna," nikamwambia. "Huu ndio uso wangu nikifurahi."

Akaukagua tena, upande mmoja na wa pili. Kisha akasema sawa, akanipa mbegu moja nipande mwenyewe.